Leva ngumu kama jiwe

"Mwanangu, hii pikipiki ina breki au ina dua?"

Shangazi aliniuliza hivyo tukiwa tumesimama ndani ya mfereji wa barabara, kilomita chache chini ya Soni, gurudumu la mbele limezama kwenye majani. Lile Fuso la kabichi lililokuwa mbele yetu liliendelea kushuka polepole kuelekea Mombo. Dereva wake hakujua lolote, na konda aliyelala juu ya mzigo naye hakuamka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado umekandamiza breki ya nyuma. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimeng'ang'ania leva ya breki ya mbele, nayo ilikuwa ngumu kama jiwe.

Ngumu kama jiwe. Pashike hapo, nitaparudia.

Shangazi alishuka, akajifunga khanga yake upya, akachukua kikapu chake cha pea na plamsi. Ikapita Noah, akaipungia mkono. Kabla hajapanda aligeuka: "Ukishaitengeneza, nipigie."

Mimi nilikuwa nimeshaitengeneza. Wiki tatu kabla ya siku ile, kwa mikono yangu, kibarazani kwangu.

## Fundi wa kibarazani

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya mtumba, cc 250, ina diski moja mbele. Anayeijua barabara ya Lushoto kwenda Mombo anajua kwa nini diski ile naithamini. Ni kilomita 33 hivi, na ndani ya hizo unashuka karibu mita 1,000, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Asubuhi kuna ukungu, jioni kuna malori ya mboga yanayowahi Dar.

Masta silinda, kile kidude kilichofungwa kwenye usukani chenye kikopo cha mafuta ya breki, kilianza kuvuja. Niligundua kwa sababu rangi ya tangi ilianza kuvimba na kubanduka. Mafuta ya breki yanakula rangi kuliko jua la Mombo. Fundi wa stendi alinitajia bei ya kubadilisha, nikaona anataka ada ya mwanawe yote itoke kwangu. Nina spana. Nina intaneti. Nina kibaraza. Nikasema nitafanya mwenyewe.

Masta ya aina yangu haikupatikana. Jamaa aliyekuwa Dar alinizungukia Kariakoo, akanitumia picha ya masta ya mtumba, nzima, safi, inang'aa kuliko pikipiki yenyewe. Muuzaji alisema neno moja tu, na neno hilo ndilo lililonigharimu miezi miwili.

"Inaingia."

Na kweli iliingia. Kibano kikashika usukani sawasawa. Bolti ya paipu ikakubali nyuzi zake. Leva ikakaa mahali pake. Nikaweka na pedi mpya, kwa kuwa nilishafungua. Nikamwaga mafuta ya zamani yaliyokuwa na rangi ya chai ya rangi, nikatia mapya. Vitu vitatu kwa mkupuo mmoja: masta, pedi, mafuta. Kama kuna kosa ninalojisuta nalo kuliko lile la "inaingia", ni hili. Ulipokuja kutokea ubovu, sikuwa na namna ya kujua umeletwa na nani kati ya wale wageni watatu.

Nilizunguka mtaani mara mbili, nikabana breki, leva ikasimama imara kabisa. Ile ya zamani ilikuwa inazama kama godoro. Nikajipongeza kwa soda.

## Upepo

Baada ya mfereji, kila niliyemsimulia alinipa jibu lile lile: upepo.

Breki ikilegea, upepo. Breki ikigoma, upepo. Nadhani hata ukimwambia fundi wa huku kwamba breki inakusalimia asubuhi, atakwambia kuna upepo umeingia. Si kwamba hawajui kazi. Mara nyingi ni kweli: hewa ikiingia kwenye mafuta, unapobana leva unabana hewa kwanza, na hewa inakubali kubanwa, mafuta hayakubali. Nguvu yako inaishia kukamua mapovu.

Basi nikatoa upepo. Nilitafuta kipande cha ule mpira mweupe wa mafundi ujenzi wa kupimia levo, nikauvalisha kwenye nipo, kale kachuchu ka kutolea mafuta, ya kalipa, kile kidude kinachobana pedi kwenye diski; upande wa pili nikauzamisha kwenye chupa ya maji yenye mafuta kidogo chini yake. Spana namba 8. Bana, fungua, funga, achia. Bana, fungua, funga, achia. Sindano kubwa ya kunyonyea mafuta ya zamani kwenye kikopo nilinunua duka la dawa, na muuzaji akaniuliza kwa upole mgonjwa anaendeleaje.

Mara ya kwanza yalitoka mapovu mawili matatu. Mara ya pili halikutoka hata moja. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, nilikuwa namwaga mafuta mazuri tu. Usiku mmoja niliifunga leva kwa mpira wa tyubu hadi asubuhi, mbinu ya zamani ya kuyapandisha mapovu juu kwenye kikopo. Asubuhi ikawa ngumu zaidi. Nikafurahi! Nikatoka, nikashuka kimteremko cha nyuma ya kanisa, nikabana, pikipiki ikaendelea na safari yake kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Nilipaswa kujiuliza swali moja, na sikujiuliza. Upepo unalegeza leva. Ya kwangu ilikuwa ngumu. Sasa upepo gani huo?

## Furaha ya siku mbili

Leva ngumu na breki dhaifu, nikajiambia, basi tatizo liko chini kwenye diski. Hapo walau nilikuwa nafikiri.

Pedi mpya huwa zinahitaji muda wa kuzoeana na diski, hilo nalijua, lakini wiki tatu zinatosha hata kwa ndoa. Labda zimeshika mafuta. Nikazitoa, nikazisugua kwa msasa juu ya kizingiti cha saruji hadi uso wake ukawa mweusi usiong'aa. Kijiweni walinishauri nizichome moto. Sikuzichoma, maana gundi inayoshika pedi kwenye bati lake sikutaka kuijaribia Soni. Diski niliifuta kwa spiriti na kitambaa cheupe hadi kitambaa kikabaki cheupe.

Ikabadilika kidogo sana.

Nikafungua kalipa. Ya kwangu ni ya aina ya kuteleza: pistoni ziko upande mmoja, na mwili mzima wa kalipa unatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili pedi ya upande wa pili nayo ibane. Pini moja ilikuwa imekauka, ina kutu, haiendi. Nililiona na moyo ukaruka. Nimempata mwizi! Nikaisafisha kwa msasa laini, nikaipaka grisi inayovumilia joto, nikahakikisha mpira wake wa vumbi haujapasuka. Pistoni nazo nilizitoa nje kidogo, nikazisugua kwa mswaki na maji ya sabuni kabla ya kuzirudisha, kwa sababu ukiirudisha pistoni na uchafu wake unaichana sili.

Breki ikaamka. Kwa siku mbili nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu nilimbeba jirani na gunia la viazi, tukashuka kwenda Soni, na nikajua kwamba kilichoamka ni nusu tu.

Hicho ndicho kipindi kilichonisumbua kuliko vyote. Kama nisingepata kitu, ningempelekea fundi. Lakini nilikuwa nimepata kitu, kibovu kweli, na kukitengeneza kulisaidia kweli. Mwizi niliyemkamata alikuwa mwizi halali. Hakuwa peke yake.

## Ile inayoangusha

Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Labda breki ni nzima, ila mimi ndiye naota.

Maana nilivyofundishwa kuendesha, breki ya mbele haipo. Kaka aliyenifundisha aliniambia maneno ambayo nadhani kila kijana wa pikipiki ameambiwa: "Ya mbele usiiguse, inaangusha." Tunakua tunakanyaga ya nyuma. Ya mbele tunaiweka kama kioo cha pembeni, ipo kwa ajili ya trafiki. Na ni kweli inaangusha, ukiibana ghafla kwenye mchanga au umekata kona. Ila ukishika breki uzito wote wa pikipiki na abiria unakimbilia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linaburuza na kupiga kelele, na kazi kubwa ya kusimamisha ni ya lile la mbele. Kwenye mteremko ndiyo zaidi.

Kwa hiyo wiki tatu zile kabla ya mfereji, nilikuwa naendesha pikipiki isiyo na breki ya mbele ya maana na sikujua, kwa kuwa siku zote naikanyaga ya nyuma. Ningeijulia wapi? Tulikuwa hatufahamiani.

Nilianza kuwatazama bodaboda wa stendi. Leva za mbele za baadhi yao zinagusa usukani kabisa. Nyingine waya umekatika na haujafungwa. Wanashuka nazo Mombo kila siku, abiria wawili na kuku.

## Iliyo laini

Kuna jamaa mmoja anafanya kazi ya miche ya miti, ana pikipiki kama yangu, pacha kabisa, mwaka tu ndio tofauti. Alikuja dukani kwangu kutoa kopi. Nikamwomba nizungushe ya kwake.

Nilipobana leva yake nikiwa bado nimesimama, nilimwonea huruma. Ilizama. Ikaenda, ikaenda, ikaja kukaza karibu katikati ya safari yake. Nikasema kimoyomoyo, huyu naye ana upepo, nimwambie au nimwache?

Nikaondoka. Kwenye kimteremko changu cha nyuma ya kanisa nikabana kwa vidole viwili.

Mbele ikainama. Pikipiki ikasimama pale pale, na mimi nikabaki nimekalia tangi.

Nilirudi naisukuma, siyo kwa ubovu, nilitaka muda wa kufikiri. Iliyo laini ndiyo inayokamata. Ya kwangu, ngumu, ya kupigiwa mfano, haikamati. Miezi miwili nilikuwa naisifu dalili.

## Jeki

Jibu lilikuja Soni, na aliyenipa hakujua kama ananipa.

Fuso lilikuwa limepata pancha pembeni ya soko, na mzigo haujashushwa. Tandiboi, kijana wa miaka kama 18, mwembamba, amechuchumaa na jeki ya chupa. Anapampu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameshika muwa. Chuma cha kupampia kinapanda juu kabisa, kinashuka chini kabisa, laini, bila haraka, na tani zote zile za kabichi zinanyanyuka kiasi cha unene wa ukucha. Anapampu tena. Ukucha mwingine.

Nilisimama namtazama hadi akaniuliza kama namfahamu.

Ndani ya jeki kuna pistoni mbili, ndogo unayoisukuma na kubwa inayonyanyua, na mafuta katikati. Shinikizo kwenye mafuta ni lile lile kila upande. Mfaransa Blaise Pascal alilieleza hilo katika karne ya 17. Pistoni unayoisukuma ikiwa ndogo, nguvu yako kidogo inafanya shinikizo kubwa, ila unalipa kwa safari: pampu nyingi, ndefu, laini. Ikiwa kubwa, unasukuma mafuta mengi kwa mara moja, safari inakuwa fupi, mkono unahisi ugumu, na shinikizo linakuwa dogo.

Safari fupi. Mkono unahisi ugumu.

Pancha ilikuwa bado haijazibwa, mimi nimeshawasha pikipiki narudi nyumbani.

## Nne kwa tano

Masta ya zamani nilikuwa sijaitupa. Mke wangu huniita mlinzi wa jalala, na siku ile nilimshukuru Mungu kwa jina hilo. Ilikuwa kwenye kopo la rangi, chini ya misumari. Nikaipangusa, nikaigeuza chini juu. Pale kwenye chuma, kwa maandishi madogo yaliyotokezea wakati wa kuyeyushwa, palikuwa na 1/2.

Nikaenda kwenye pikipiki nikapiga magoti, nikamulika kwa simu chini ya ile inayong'aa.

5/8.

Ni kipenyo cha pistoni, kwa inchi. Nusu inchi ni sawa na 4/8, kwa hiyo ni nne dhidi ya tano. Ukiviona kwa macho hutavitofautisha, ni kama milimita tatu. Lakini kinachofanya kazi ni eneo la ule mduara, na eneo linakwenda kwa mraba: nne mara nne ni 16, tano mara tano ni 25. Kwa mkono ule ule, kwa kubana kule kule, shinikizo nililokuwa napeleka kwenye kalipa lilikuwa 16 pale palipotakiwa 25. Asilimia 64. Zaidi ya theluthi ya breki yangu ilikuwa imebaki Kariakoo.

Masta ya 5/8 si mbovu. Kwa kawaida inakaa kwenye pikipiki yenye diski mbili mbele, inayotakiwa kusukuma mafuta ya kutosha kalipa mbili. Huko ingefanya kazi yake vizuri. Muuzaji naye hakunidanganya, nikimfikiria kwa haki. Nilimuuliza kama inaingia, akanijibu inaingia.

Na ile pini iliyokauka, ilikuwa imekaa hivyo tangu lini? Labda miaka. Masta ya zamani ilikuwa na nguvu ya kuiburuza, kwa hiyo hakuna aliyeijua.

## Kuirudisha

Seti ya sili za masta ya nusu inchi ilinifikia kwa basi baada ya siku nne, bahasha ndogo nyepesi kama imetumwa tupu. Nilifungua klipu, nikachomoa pistoni na springi. Ndani ya silinda nikapitisha ncha ya kijiti kilichofungwa kitambaa, kisha nikamulika na kuchungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuchungulia kitu chochote. Kama pangekuwa na mchubuko wa kukwama ukucha, sili mpya zisingesaidia, ningeitupa. Hapakuwa. Palikuwa na doa la kutu karibu na mdomo tu, nje ya njia ya sili.

Sili nilizilowesha kwa mafuta ya breki yenyewe, siyo grisi ya kawaida wala oili ya injini, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo yanavimbisha raba zake. Washa za shaba mpya pande zote mbili za bolti ya paipu. Chupa mpya ya mafuta ya breki, ya daraja la DOT 4, maana ile niliyoifungua nikaiacha dirishani ilikuwa imeshakunywa unyevu wa Lushoto, na mafuta haya yakishakunywa maji yanachemka mapema. DOT 4 ikiwa kavu inatakiwa kuvumilia hadi nyuzi 230 angalau. Ikishalowa kipimo kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko wa kilomita 33 hiyo si tofauti ya kwenye karatasi.

Safari hii nilibadilisha kitu kimoja, nikajaribu, ndipo nikagusa kingine.

Leva ikawa laini. Nakiri ilinitia hofu. Kila nilipoibana mkono uliniambia upepo, toa upepo, na nilijizuia nisiende kuchukua spana. Nilizunguka uwanja wa mpira peke yangu, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo, nikabana kwa vidole viwili. Mbele ikainama. Nikarudia mara kumi. Watoto waliokuwa wanacheza walisimama kuniangalia nikisimama na kuondoka, nikisimama na kuondoka. Mmoja akasema, "Anajifunza."

Nilimpigia shangazi. Alisema amesikia, na kwamba mwezi ujao atakuja kwa Noah.

Ile masta inayong'aa niliiweka kwenye rafu ya dukani, kati ya rimu za karatasi na mashine ya laminesheni. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alikuja kupiga picha za pasipoti, akaiona, akainyanyua, akaigeuza huku na huku kama mtu aliyeokota.

"Bro, hii unaiuza? Ya kwangu inavuja. Hii inaingia?"

"Inaingia."

Akaanza kutafuta pochi.

"Yako ina diski ngapi mbele?"

"Moja."

Nikaichukua mkononi mwake, nikairudisha kwenye rafu, nikamwambia akae sawa nimpige picha.